Balbu ya Mchana

Tulipohamia ile ploti ya vyumba vya kupanga mjini Kitui tuliambiwa mapema kwamba stima ni ya kuona, si ya kutumia. Mwenye ploti alikuwa mama mjane, Mwislamu, ambaye wazee wake walitoka Pwani zamani na biashara ya vitambaa. Alituonyesha chumba, akatuonyesha balbu moja iliyoning'inia katikati, kisha akaanza makatazo. Pasi ya stima, hakuna. Koili ya kuchemsha maji, hakuna. Kupika na kuni, hakuna, moshi unaharibu chokaa. Stima inawashwa magharibi, inazimwa watu wakilala, na mchana haipo kabisa, kwa sababu meni swichi, ile ya nyumba nzima, ilikuwa ndani ya chumba chake na yeye ndiye aliyeishika. "Mchana Mwenyezi Mungu amewasha jua lake," alisema. Mume wangu akacheka. Mimi nilikuwa nimebeba godoro kichwani kutoka stendi, sikuona cha kuchekesha.

Hiyo ilikuwa miaka ya themanini. Vyumba sita, mita moja. Bili ikija tunagawana sawasawa, hata kama wewe unalala jua likizama pamoja na kuku. Na bili ilikuwa inapanda. Makaa nayo yalipanda, mafuta ya taa yakapanda, kila kitu chenye uwezo wa kuwaka kilikuwa kinapanda, na mfuko wetu ulikaa pale pale. Mume wangu alikuwa utingo wa lori lililokuwa likienda Mombasa, mimi nilifulia watu nguo. Wacha nikuambie, maskini anajua moto kuliko mtu yeyote. Pasi ya makaa ilikuwa moja, ikishapata moto inapita mlango kwa mlango hadi ipoe. Isyo, yale mahindi na maharagwe ambayo yanataka kuchemka kutwa nzima, tulipika ploti nzima kwa jiko moja. Kila mwanamke alileta bakuli lake la nafaka iliyolowekwa, tukamwaga kwa sufuria moja kubwa, jioni kila mmoja akachukua chake na kwenda kukaanga anavyotaka. Ilikuwa kawaida tu, hakuna aliyeiona kama ujanja.

Uchungu wa mimba yangu ya kwanza ulikuja kabla ya wakati wake. Nilikuwa nimeinama kwenye karai la nguo, maji yakanitoka, nikafikiri ni ya sabuni. Mtoto alizaliwa hospitalini mwezi wa saba wa mimba, msichana, mdogo hata niliogopa kumwangalia. Mikono yake ilikuwa na ngozi iliyozidi, kama soksi za mtu mwingine. Alikaa wadi siku kadhaa, akajifunza kumeza maziwa kwa kijiko, na kwa kuwa vitanda vilikuwa vichache na wengine walikuwa wagonjwa zaidi, tukaruhusiwa kwenda nyumbani. Sista mmoja wa ile wadi alinifuata hadi mlangoni. "Mama, huyu shida yake ni joto," aliniambia. "Akipata joto mchana na usiku, ataishi. Akipoa, atalala na hutamwamsha tena." Nikamjibu sawa. Nilijibu hivyo kila kitu siku hizo. Ungeniambia nyumba inaungua ningekujibu sawa.

Nataka niseme wazi, maana watu hupenda kusimulia haya kwa machozi. Mimi sikulia. Sikuhisi kitu. Nilimbeba yule mtoto kutoka hospitali namna unavyobeba mayai ya mtu, ukiomba tu usiyavunje kabla hujafika kwa mwenyewe. Sikumpa jina. Kwetu mtoto hupewa jina baada ya siku chache, na msichana wa kwanza huchukua jina la mama wa baba yake, lakini watu wakiniuliza anaitwaje nilisema bado. Mume wangu alikuwa ameenda safari na lori. Hata angekuwepo, joto lingetoka wapi? Makaa ya kuwasha kutwa kucha hatukuwa nayo, na jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa ni kifo cha wote.

Chumba cha tatu alikaa mwalimu wa nasari, msichana bado hajaolewa, aliyekuwa amefanya kazi kwa mfugaji wa kuku kule Malili kabla hajaja Kitui. Alikuja kuniona na paketi ya sukari, akamfunua mtoto, akamgusa miguu.

"Mama, usikasirike nikisema kitu?"

"Sema tu."

"Kule Malili tulikuwa tunaletewa vifaranga wa siku moja. Hawana mama wale. Mama yao ni balbu."

Nikamwangalia. Akaangalia juu, kwa balbu yetu, na mimi nikaangalia pia. Kabla ya saa moja kupita alikuwa ameleta boksi la sabuni kutoka dukani, tumelitandika blanketi, tumeshusha waya wa balbu kwa kamba ikakaa juu ya boksi, si karibu sana, na akanifundisha kuweka mkono wangu pale mtoto alipolala na kuhesabu. Mkono ukitaka kukimbia, inua balbu. Mkono ukitaka kubaki, hapo ni sawa. Tatizo lilikuwa moja tu. Balbu ilikuwa imezimika, kwa sababu ilikuwa mchana.

Mwalimu ndiye aliyeenda kumwita mama wa ploti. Yule mama alikuja na tasbihi mkononi, akainama juu ya boksi. Nilikuwa tayari kusikia makatazo.

"Subhanallah," akasema. "Huyu ni mtu au ni kidole?" Akasimama pale akimtazama. "Mwanangu, bili hii itatuua."

"Najua, mama."

"Mwenyewe sina pato jingine ila kodi zenu." Akaondoka. Nikasikia mlango wake ukifunguka, na balbu ikawaka, mchana kweupe. Akarudi akasimama kizingitini. "Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri," akasema, kwa sauti ya mtu anayejikumbusha, na akaenda zake.

Sasa meni swichi ikiwa imewashwa kwa chumba kimoja, imewashwa kwa vyote. Chumba cha pili alikaa kapera mmoja, tarishi wa ofisi fulani ya serikali, mwenye redio kaseti kubwa aliyoipenda kuliko ndugu zake. Soketi hatukuwa nazo, lakini yeye alikuwa na kile kidude cha kuchomeka kwenye shimo la balbu, kinatoa stima kwa waya. Siku ya kwanza ya stima ya mchana alikuwa likizo. Redio iliimba tangu asubuhi. Siku ya pili iliimba tena. Mama wa ploti akatuita wote uani, jioni, na mimi nikatoka nikasimama karibu na mlango wangu ili niweze kuchungulia boksi.

"Stima ya mchana ni ya mgonjwa," alisema mama wa ploti. "Naona wengine nao wamekuwa wagonjwa. Wagonjwa wa ngoma."

Watu wakacheka. Tarishi akasimama akiwa amekasirika kweli. "Kwani mimi silipi? Tunagawa sita. Kama huyu mama anawasha kutwa na mimi nalipa, ati nikae kimya nisikilize nini, mita?"

"Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi," mwalimu akamwambia.

"Wewe mwalimu wacha methali. Nauliza hesabu."

Maneno yake yalikuwa ya haki na sikuwa na hasira ya kumpa. Nilisema tu, kama mtu anayetaja bei ya nyanya, kwamba mtoto akitolewa pale atakufa, na kwamba wakiamua atolewe nitaelewa. Sikuwa nawatishia wala kuwabembeleza. Yule tarishi akaniangalia sana, halafu akaingia chumbani kwake, akatoka na balbu yake mkononi. Aliiweka chini mbele ya mama wa ploti.

"Basi tufanye hivi," akasema. "Hiyo yake iwake. Zetu tutoe zote. Itatoshana."

Hapo ndipo tulipokosea, na tulikosea kwa moyo mweupe. Kila chumba kilitoa balbu yake. Zilipangwa kwenye sinia, chumbani kwa mama wa ploti, yake ikiwemo. Watu wakarudi kwa koroboi, ile taa ya mkebe na utambi, inayotoa moshi mwingi kuliko mwanga. Hakuna aliyepiga hesabu kwamba mafuta ya taa ya vyumba vitano yatakula pesa nyingi kuliko stima waliyookoa. Tulikuwa tumezoea kufanya mambo kwa mwethya, kikundi kizima kikishika jembe kwa ajili ya mtu mmoja, na tukafikiri stima nayo inalimwa hivyo. Mtoto kwenye boksi alikuwa na mchana usiokwisha. Jirani zangu walikuwa wanakula wakikohoa. Niliwaona kupitia dirisha, mwanga mwekundu mlango kwa mlango, nikajua ni kwa sababu yangu, na hilo pia sikulihisi.

Mama mkwe wangu alifika katikati ya hayo, kutoka Kathonzweni. Nilimwita Mwaitu, kama nilivyomwita mama yangu mzazi. Alikuwa amesafiri siku nzima kupitia miji ya Wote na Machakos, na juu ya basi alikuwa amefunga mzigo wa kuni. Ndiyo, kuni. Mwanamke akizaa, wanawake wenzake humletea kuni ili moto wake usizime, na Mwaitu hakuona kwa nini jambo hilo lipotee eti kwa sababu mjukuu amezaliwa mjini. Aliingia uani mzigo ukiwa mgongoni, kamba kwenye paji la uso, mbele ya mama wa ploti aliyekataza kuni.

"Mgeni njoo mwenyeji apone," akasema mama wa ploti, akitazama zile kuni, na chokaa yake, na tena zile kuni. "Haya. Mbali na ukuta, tafadhali."

Mwaitu akaingia ndani. Akachungulia boksi, balbu ikimulika paji lake.

"Ai! Mnamkausha?"

"Ni joto, Mwaitu. Sista alisema."

"Hm." Akaketi kwenye kitanda, akavua viatu vya plastiki. Hakubishana. Alikuwa mtu wa kanisa, mwenye kuomba kwa sauti, na alimwombea yule mtoto akiwa amefumba macho kwa muda mrefu hata uji wangu ukapoa. Alipomaliza aliniuliza jina. Nikamwambia bado. Akatikisa kichwa, akanywa uji. Nilijua anaelewa, kwa sababu jina hilo lingekuwa lake.

Bili ikaja. Mwezi ule mita haikuwa imesomwa, watu wa stima walikuwa wamekisia kwa kufuata miezi iliyopita na kuongeza kidogo. Balbu tano tulizozitoa hazikuonekana popote kwenye ile karatasi. Ilikuwa kubwa kuliko iliyopita. Tarishi aliisoma uani mara mbili, akaigeuza akaangalia nyuma, kana kwamba giza letu lingekuwa limeandikwa huko. Pesa za kulipa watu walikuwa wamekwisha kumpa mwenye duka la mafuta ya taa. Mama wa ploti alilipa nusu. Nusu haikutosha. Asubuhi moja vijana wawili walikuja na ngazi, wakaiegemeza kwenye nguzo barabarani, wakapanda kutukatia stima. Mmoja alitusalimia vizuri. Walikuwa kazini kwao.

Nilikuwa nimesimama juu ya boksi wakati balbu ilipozimika. Ilikuwa mwezi wa Julai, ile baridi yetu ya manyunyu, jua halijaonekana tangu juzi. Niliweka mkono ndani. Bado palikuwa na joto, na nikabaki nimeuweka hapo nikisubiri liishe. Najua mtu angefikiri nilipiga mayowe. Nilisimama tu. Nilikuwa nafikiri ni nguo gani nitamfungia tukienda kumzika.

"Toka hapo," Mwaitu akasema nyuma yangu.

Alikuwa anafungua vifungo vya blauzi. Akaivua, akavua na fulana ya ndani, akaketi kwenye kitanda kifua wazi, mwanamke mzima wa kanisa, matiti yamelala tumboni. "Mlete hapa. Mvue. Mvue kila kitu, mwache na kofia tu." Nikamtoa mtoto, nikamweka pale alipoonyesha, katikati ya matiti, wima, kichwa chini ya kidevu chake. Akaniambia nifunge leso, kanga yake, kuzunguka wote wawili, nikaze, halafu blanketi juu. Mtoto alitoa sauti ndogo, akatulia.

"Umewahi kufanya hivi?" nikamuuliza.

"Mara mbili," akasema. "Mmoja ndiye mume wako."

Sikuuliza kuhusu yule mwingine. Akaniambia mwenyewe, baada ya muda, akiangalia ukuta. "Yule mwingine hatukumpa jina. Nimemfikiria miaka yote na sina la kumwita." Kisha akainamisha uso, akalisema jina lake mwenyewe ndani ya lile blanketi, kwa Kikamba, akimwita yule mtoto. Alilisema tena. "Basi," akasema. "Sasa huyu ni mtu. Akienda, aende na jina langu. Nenda uwashe zile kuni."

Zile kuni za Kathonzweni ndizo tulizozitumia. Mafiga matatu yakawekwa uani mwa mama wa ploti, moshi ukapanda kwenye chokaa yake. Kazi yangu ikawa moto. Nilichemsha maji, nikapika uji, nikakamua maziwa yangu kwenye kikombe, nikapeleka ndani. Mwaitu akitaka kwenda haja, mwalimu alimshika mtoto kifuani kwake, au mama wa ploti, aliyefunga mlango kwanza na kuvua buibui. Wote walimbeba. Mimi nilikuwa na moto wa kuangalia. Kila mara walipotaka kunipa, sufuria ilikuwa inakaribia kufurika, na ilikuwa kweli inafurika, nilihakikisha. Mtu aliyekwisha kuchagua nguo za kuzikia hana haraka ya kujua uzito wa mtoto.

Mume wangu alirudi safari akatukuta hivyo, mama yake amefungwa leso kitandani, mke wake uani na masizi usoni. Alisimama akiwa bado ameshika mkungu wa ndizi aliokuja nao. Akatoa pesa yote ya safari, mpaka ile ya sigara, akampa mama wa ploti. Tarishi akaongeza, mwalimu akaongeza, na chumba cha tano na cha sita. Mama wa ploti akaenda ofisini kwa watu wa stima amevaa viatu vyake vya Idd.

Asubuhi alipoenda huko, Mwaitu aliamka anatetemeka. Malaria. Alikuwa ameificha tangu jana yake, nadhani. Uso wake ulikuwa unang'aa kwa jasho.

"Joto langu sasa ni la ugonjwa," akasema. "Si la mtoto. Njoo."

"Nimwite mwalimu."

"Mwalimu yuko shule. Njoo wewe."

"Uji uko motoni, Mwaitu."

"Uache uungue!" Alinifokea. Hakuwa amewahi kunifokea. "Uungue na sufuria yake! Njoo hapa umchukue mtoto wako."

Nikaingia. Nikavua blauzi, vidole vyangu vilikuwa vigumu. Yeye ndiye aliyenifunga ile leso, mikono yake ikitetemeka kwa homa, akakaza fundo mgongoni. Kisha mume wangu akamshika mkono wakaenda hospitali polepole, na mimi nikabaki nimeketi pale alipokuwa ameketi, pakiwa bado na joto lake.

Mwanzoni sikuhisi ila uzito, na ulikuwa mkubwa kuliko nilivyotazamia. Alikuwa ameongezeka na mimi sikuwa nimejua. Kisha akageuza kichwa, akapapasapapasa kwa mdomo, akitafuta, akashuka chini kidogo na kushika titi mwenyewe, bila kijiko, bila kufundishwa. Akavuta. Iliuma. Maziwa yakatoka hata upande wa pili ambao hakuushika, yakalowesha leso, na ndipo machozi yangu yalipotoka, mengi, bila sauti, yakamdondokea kichwani na kuilowesha kofia yake. Nilikuwa nafikiri mimi ndiye ninayempasha joto. Haki ya Mungu, yule mtoto alikuwa moto kuliko mimi. Huko uani uji uliungua, nikasikia harufu yake, nikauacha.

Ngazi ilirudishwa kwenye nguzo adhuhuri ile. Nikasikia watu barabarani, halafu viatu vya Idd vikikimbia uani, jambo ambalo yule mama hakuwahi kulifanya mbele ya wapangaji.

"Imerudi! Mwanangu, imerudi!" Mlango wake ukafunguka kwa kishindo, na juu ya boksi balbu ikawaka, ikamulika blanketi tupu. Akaja mbio mpaka kizingitini, anahema, tarishi nyuma yake. "Haya, mrudishe mtoto kwenye taa. Upesi, asije akapoa."

"Zima, mama," nikamwambia.

"Nizime?"

"Zima tu. Mtoto yuko na mamake."